Meza ya Floribert

Tarehe 9 Oktoba 1951 Floribert Tshibangu, karani wa taipu mjini Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, aliomba kadi ya sifa ya kiraia. Mwafrika mwenye kadi hiyo hakuchapwa viboko. Kabla ya kuitoa, kamati ilikuja nyumbani kukagua jiko, mashuka, na kama mume anakula na mkewe.

Meza Floribert alikuwa nayo. Mkewe, Clotilde, hakuwahi kuikalia. Alikula uani na watoto na majirani, wakimega bukari, ugali wa kwao, katika sahani moja. Vicheko vyao vilifika sebuleni, alikokuwa Floribert na uma wake.

Wiki ile, katika barua ya mfanyabiashara wa Ndola, ng'ambo ya mpaka kwa Waingereza, alikuta neno la Kiingereza, "companion". Kwa Kilatini alichosoma seminarini alilitambua mara moja. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini: cum, pamoja na; panis, mkate. Mwenzi ni yule mnayekula naye mkate. Furaha ikamjaa, na ofisini hakuwa na wa kumwambia. Wazungu walikuwa na yao, na matarishi walinyamaza alipowakaribia.

Jioni alimweleza Clotilde.

"Mukate? Basi uniletee huo mukate, Baba Annie. Miye nakula bukari."

"Jumamosi kamati inakuja. Ukae hapa na miye."

"Na bamama bale ba inje, nitabaambia nini? Nimekuwa Muzungu?"

"Uwaambie bwana yako amechoka na fimbo."

Mwaka uliopita ni Clotilde aliyeupaka mgongo wa mumewe mafuta ya mawese baada ya viboko.

"Nitakaa," alisema.

Jumamosi aliketi amevaa viatu, kashika uma kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Mkaguzi aliuliza kama hula pamoja kila siku.

"Kila siku," Clotilde alijibu, kabla mumewe hajafungua kinywa.

Wageni walipoondoka, Floribert alisogeza chungu. "Kaa tumalize."

"Bananingoja, Baba Annie." Alivua viatu, akatoka na sahani yake.

Baada ya kitambo Floribert aliinuka, akaenda mpaka mlango wa uani. Vicheko vilikatika. Mwanamke mmoja aliondoka mkekani haraka, akamletea kiti, akakiweka mbali kidogo, kwa heshima.

"Nilitaka chumvi tu," alisema Floribert.

Alipewa chumvi. Kadi ilitoka Februari, naye akaendelea kula mezani peke yake.