Utani Ulioganda Njiani

Kwa viziwi wenzake, jina lake ni vidole viwili vikikata hewa karibu na shavu. Wanaosikia wamelitafsiri wakamwita Mikasi, naye hana neno. Asiyemjua pale mtaani labda hajawahi kuwa na mtoto shuleni, maana sare karibu zote zimepita chini ya sindano yake: kola zisizolala, mifuko isiyochanika hata mtoto aijaze mawe. Mpelekee nguo aliyoiharibu fundi mwingine, ataigeuza ndani nje, ataukagua mshono, kisha atakukagua wewe uliyeilipia. Ana maringo ya kazi, tena ni haki yake.

Mumewe ni dereva wa lori la maji, mtu wa maneno mengi mpaka majirani wakamwita Redio. Alipomposa Mikasi, watu walishika mbavu: Redio kuoa kiziwi! Wacheke watakavyo. Alijifunza lugha ya alama kwa ajili ya kumtongoza, na mpaka leo anazungumza kama mtu anayezungusha usukani. Tena anatia chumvi kwa mikono vilevile anavyotia kwa mdomo.

Lakini mtu wa kwanza kuongea na Mikasi hakuwa Redio. Alikuwa mdogo wake wa kiume, anayeitwa Kishimo kwa sababu ya kishimo cha shavuni. Walizaliwa viziwi wote wawili katika nyumba ya watu wanaosikia, na kabla hawajapelekwa shule walikuwa wamekwisha jitungia lugha yao chini ya meza ya jikoni. Nusu ya lugha hiyo ilikuwa ya kuwasengenya wakubwa. Kishimo alikuwa na kipaji cha ajabu. Akikuigizia shangazi yao anavyotafuta miwani aliyoivaa, utalia kwa kicheko. Kusoma na kuandika walijifunza kwa taabu. Kwao ujumbe wa maneno ulikuwa kama nguo ya kuazima: inasitiri, ila haikukai.

Kwa hiyo Kishimo alipopata kazi ya kuoka mikate mji wa mbali, simu ya video ndiyo ikawa kinywa chao. Anayesikia hununua dakika zake kwa bei ya chini, akapiga soga mpaka sikio lipate moto. Mikasi na ndugu yake, ili waambiane mambo hayo hayo, walihitaji bando la kubeba picha, na lile waliloliweza lilikuwa likiganda ovyo. Wakajizoeza kusema polepole, alama moja moja, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Habari zilifika. Homa imepona, nimehama nyumba, mama anawasalimu. Utani haukufika. Utani unataka kasi, na ukikatika katikati umekwisha. Kidogo kidogo Kishimo akaacha kutania. Mikasi alikuwa akimtazama usoni na huku amemkumbuka, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Ndipo ikatangazwa kwamba serikali inakusudia kuweka sheria: kila nyumba ihakikishiwe intaneti ya bei nafuu, na kampuni za simu zilazimishwe kuitoa. Wananchi wangetoa maoni katika ukumbi wa halmashauri. Redio alirudi na habari hiyo kwa shangwe, lakini Mikasi alinuna. Alimwambia hajawahi kula cha mtu na hana mpango wa kuanza. Redio akamuuliza kama barabara anayopitishia lori lake nayo alipewa kwa kuonewa huruma. Wakabishana mpaka chakula kikapoa.

Kilichomwinua Mikasi kitini ni maelezo yaliyofuata. Kifurushi cha msingi cha intaneti hiyo, tangazo lilisema, kitakuwa na kasi ya kutosha kupiga simu na kutuma ujumbe, yaani mahitaji ya mwananchi wa kawaida. Mikasi alimtaka mumewe airudie sentensi hiyo. Kisha akauliza yeye kakosa kipi, uananchi au ukawaida. Sheria ikipita hivyo, bei nafuu itakuwa ya wengine, na Kishimo atabaki mtu wa habari za homa maisha yake yote. Kesho yake akaenda kuomba nafasi ya kusema.

Ukumbi ulijaa. Mwakilishi wa kampuni za simu, mtu mpole ambaye Mikasi alimbandika jina la Tai pale pale kwa ajili ya tai yake nyekundu, alieleza kwamba kampuni zikishindana bei hushuka zenyewe, na serikali ikizipangia, hakuna atakayejenga minara huko mbali. Muuza duka mmoja akauliza mbona kwao kampuni ni moja tu, inashindana na nani. Mwalimu mstaafu akataka vyoo vya shule vitangulie. Kila mtu alikuwa na lake, na Mikasi, akifuata yote kwenye mikono ya mumewe, hakuona mwenye nia mbaya.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alimsogezea kipaza sauti mdomoni. Mikasi alikitazama, akamsogezea mumewe. Watu wakacheka, naye akatabasamu, akaanza kusema. Hajafika mbali akaona mabega ya Redio yameshuka na kichwa kimeinama upande. Hakuhitaji masikio. Ndivyo Redio anavyosimama akiwabembeleza askari wa barabarani. Mikasi akamkanyaga mguu.

"Unaomba," alimwambia. "Mimi siombi. Simama wima, useme nilivyosema."

Redio akauambia ukumbi kwamba ameonywa, akanyoosha mgongo.

Mikasi alikuwa amekwisha elewana na fundi mitambo wa ukumbi. Fundi akaipunguza intaneti mpaka kiwango kile kilichopendekezwa, na Kishimo akatokea kwenye ukuta mkubwa, aproni imejaa unga, akaanza kumsimulia dada yake habari za bosi wake. Mashavu yakavimba, shingo ikatuna, macho yakatoka, na hapo picha ikaganda. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Picha ikaruka, ukaonekana mkono hewani, ikaganda tena mdomo ukiwa wazi. Wakacheka zaidi. Mikasi alijua watacheka. Hakujua kwamba uso ungemwaka moto namna ile. Aliwaacha mpaka wakamaliza.

Kisha akamwashiria fundi arudishe kasi yote. Kishimo akaanza upya, mikono ikikimbia kama zamani chini ya meza, na Redio kwa mara moja katika maisha yake akatafsiri bila chumvi.

"Bosi wangu hajakubali kwamba sisikii. Kila siku anapaza sauti zaidi. Shingo inatuna, paka wa ghalani anakimbia, unga unapeperuka mezani. Jana kaja na kipaza sauti. Wenzangu wote wameziba masikio. Mimi nikamgusa bega nikamwuliza: samahani bosi, ulikuwa unasema na mimi?"

Mwenyekiti alikiangalia kile kipaza sauti alichokuwa amemsogezea Mikasi, akavua miwani afute macho. Tai alikuwa akipigapiga meza kwa kicheko. Mikasi akainua mikono.

"Mara ya kwanza mlimcheka yeye," alisema. "Mara ya pili mmecheka alichosema. Nataka sheria ijue tofauti hiyo. Anayesikia akimpigia ndugu yake analipia sauti, mimi nalipia mikono, na tunasema mambo yale yale. Bei iwe moja."

Redio alitafsiri neno kwa neno, mgongo wima, machozi yakimtiririka bila haya. Mikasi akauangalia ukumbi. Kisha akarudi kitini.

Sheria ilijikongoja kama zote zinavyojikongoja. Kampuni zingali zinanung'unika, na wapo wanaosema serikali imejitwisha mzigo. Lakini kipengele kimekaa: intaneti ya msingi sharti ibebe watu wawili wanaozungumza kwa lugha ya alama bila picha kuganda, kwa bei isiyozidi ile ya maongezi ya sauti. Mikasi akikueleza habari zake, kifua humtoka mbele kama anayekuonyesha kola aliyoishona mwenyewe.

Juzi mchana alikuwa kwenye cherehani, simu ameiegemeza kwenye kopo la vishikizo, Kishimo anasimulia. Kisa kilikuwa kirefu, kina bosi, kina paka, kina harusi ya mtu wasiyemjua. Kikazunguka, kikarudi kilikotoka. Sare zilikuwa zinangojwa.

"Hiki ulishanisimulia," Mikasi alimwambia. "Nina kazi." Akakata simu.

Akabaki akikitazama kioo kilichozima. Miaka yote hiyo simu zao zilikuwa zikikatwa na bando au mtandao, hata siku moja si yeye. Akaanza kucheka peke yake, mpaka Redio akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.

"Kishimo," alimjibu, akiwa bado anacheka. "Amenichosha."