Mikono Niliyoikata kwenye Video ya Babu

Watu laki tatu wameitazama video ya babu yangu, mzee Seitkali, akilibariki Jiji la Akili.

Babu hakubariki chochote. Alikuwa ananilaani mimi.

Na mimi ndiye niliyeihariri.

Kwetu ni nyikani, vijiji vinane, saa tatu kwa gari hadi hospitali. Kampuni moja ilikuja na michoro ya jiji linaloendeshwa na mitambo. Magari bila dereva. Kliniki inayojua umeanguka kabla hujapiga kelele. Walitaka malisho yetu yote ya farasi.

Wakaniajiri mimi, Aiganym, mwenye stashahada ya habari, niwe mpiga video wao.

Sasa, kwetu hakuna harusi wala safari inayoanza kabla mzee hajafungua viganja na kutoa baraka. Mzee wa vijiji vyote vinane alikuwa babu. Bila yeye, hakuna ambaye angesaini.

Kampuni ikachinja kondoo. Kijiji chetu kikajazana ukumbi wa shule, kichwa cha kondoo kikawekwa mbele ya babu, kama inavyostahili.

"Mnasema kazi," babu akaanza. "Kazi gani? Mimi nikachunge roboti?"

Watu wakaangua kicheko.

"Maji ya bomba saa zote, mzee," akasema Damir, mhandisi wa kampuni. "Shule ya maana. Hewa itapimwa kila dakika."

"Hewa naipima kwa pua, mwanangu. Haijawahi kuisha chaji."

Shangazi Kulyash akadakia, "Na hizo kamera kila nguzo? Nikijikuna mgongo jiji zima la Almaty lijue?"

"Mgongo wenyewe nani anautaka, mama?" mtu akapayuka kutoka nyuma.

Ukumbi hoi. Nikaona kabisa babu anashinda kwa utani tu. Nikaiacha kamera kwenye stendi yake, inarekodi, nikasimama.

"Babu, mama yangu alikufaje?"

"Kaa chini, mtoto," babu akasema.

"Gari la wagonjwa lilikuja baada ya saa tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kichwa chake kiko mapajani kwangu. Wewe ulikuwa unatafuta farasi jike aliyepotea. Ukarudi naye, unatabasamu. Bintiyo ameshapoa."

"Aiganym!" shangazi akafoka.

"Acha nimpe makavu yake. Haya malisho anayoyalilia ndiyo yaliyomuua mwanawe."

Kila karamu, babu hunikatia mimi sikio la kondoo. Kijana hupewa sikio ili awe msikivu. Siku hiyo alikisukuma kile kichwa pembeni, akainua mikono.

Watu nao wakainua yao, wakidhani ni baraka.

Babu akavigeuza viganja. Migongo ya mikono ikamtazama yeye, viganja vikanitazama mimi. Kwetu hakuna laana inayoizidi hiyo.

"Uishi kwenye joto lisilo la mtu," akasema. "Uite, uitikiwe na mashine."

Watu wakatoka bila kugusa nyama.

"Tumekwisha," Damir akanong'ona.

"Bado," nikamjibu.

Nilikata picha chini ya kidevu. Mikono ikatoka. Nikaifuta sauti, nikaweka muziki wa taratibu wa dombra, gitaa letu la nyuzi mbili. Ukabaki uso wa mzee, midomo inatikisika, macho yamelowa. Ungeapa anamwombea mjukuu wake.

Vijiji saba havikuwepo ukumbini. Viliona video tu. Vikasaini vyote saba, na kwa wingi huo cha kwetu hakikuhitajika tena.

Babu alipanda farasi akaenda kijiji kwa kijiji kukanusha. Wakamcheka.

"Mzee, tumekuona kwa macho yetu. Umeuza nyika kwa kichwa cha kondoo!"

Kuna aliyemtemea mate kwenye buti.

Miaka miwili baadaye jiji likasimama. Farasi wakaenda mnadani. Babu akabaki na nyumba yake na nguzo moja yenye kamera, ambayo kila asubuhi aliipiga mawe.

Majira ya baridi akaanguka kwenye barafu karibu na kisima. Kiharusi.

Nguzo ile ile ikamwona.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika sita. Daktari akaniambia nusu saa zaidi angekuwa maiti.

Nilimkuta kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa. Dirishani, pale walipokuwa wakikimbia farasi wake, ni maghorofa ya vioo matupu.

"Umeniokoa ili nione hivi?" akauliza, maneno yakimteleza mdomoni.

"Ndiyo."

Akauinua mkono wake mzima. Akaugeuza.

"Mmoja hautoshi, babu," nikamwambia, nikamfunika blanketi.

Shangazi haniongeleshi. Kijiji kizima hakinipokelei simu. Nikifungua mlango wa nyumba yangu, ghorofa ya tisa, ni ukuta ndio unaoniamkia: "Karibu, Aiganym. Joto ni nyuzi ishirini na mbili."

Huwa naujibu.

Funzo lenu ni hili: ukiona mzee anabariki kwenye simu yako, uliza mikono yake iko wapi.

Mimi nilikuwa na mama mmoja na saa tatu za kumsubiria daktari. Nitukaneni mtakavyo huko chini kwenye maoni.

Siombi radhi.