Fungu la Mkaba

Kwa wakwe zangu, huko Walikale, nyama ya msituni hugawiwa vyombo kwanza, kabla ya watu. Mkuki una fungu lake, mbwa wana lao, na mkaba, ule mkanda wa kupandia mti, una kidari. Mwenye chombo ndiye anayebeba fungu nyumbani, hata kama siku hiyo alishinda kitandani na homa. Nilipoelezwa jambo hili mara ya kwanza nilifurahi mno. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu hivi karibuni, kichwa kimejaa nadharia za mali na kazi, nikawaeleza wakwe zangu kwa kirefu jinsi desturi yao ilivyo na maana kubwa. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha wakaniuliza mimi nina chombo gani.

Sikuwa nacho. Mimi ni mtu wa Masisi, wa vilima vya Muheto, ambako jamaa zangu wanalima maharagwe na viazi tangu enzi za mababu, na mti mrefu kuliko yote niliyowahi kupanda utotoni ulikuwa wa avoka. Mke wangu ndiye mtu wa msituni. Baba yake ndiye aliyeusuka ule mkaba, na sisemi mkaba wa suruali. Huu ni mpana kama kiganja, wa kekele, ule mmea wa msituni ambao watu hufanyia viti, umeshonewa ngozi ya ng'ombe upande wa ndani. Unauzungusha kwenye shina la mti na kiuno chako, unapanda, halafu huko juu unaukalia, mkuki mkononi, unangoja nguruwe pori waje kula matunda yaliyoanguka. Bunduki hatutumii. Bunduki huku kwetu zina wenyewe, na mlio wake huleta wageni.

Baba mkwe alinipandisha mtini mara ya kwanza kwa mzaha, ili vijana wacheke. Wakacheka, wakachoka, wakaenda kuoga mtoni. Mimi nikabaki juu kwa sababu sikujua namna ya kushuka, na sikupiga kelele kwa sababu nina shahada. Nguruwe alipofika, mkuki ulinitoka mkononi. Sisemi niliutupa. Ulinitoka, ukaenda ulikokwenda, na nguruwe alikuwa hukohuko. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mkwe wa Masisi ana uvumilivu wa chui. Tangu hapo kila likizo, barabara ikipitika, naitwa kwenda kukaa juu ya mti. Kwa wakwe zangu mimi ndiye mkaaji. Fungu la mkaaji ni paja la nyuma, na nimeandika makala nyingi maishani mwangu bila hata moja kunipa heshima ya lile paja.

Baba mkwe alipofariki, mkaba ukawa wa mjane wake, na kidari pia. Mama mkwe hajapanda mti tangu azaliwe. Lakini nyama ikipatikana, kidari huletwa mlangoni kwake, naye hukikausha juu ya moto, na wanawake wa jirani huanza kupita kumsalimu, kila mmoja na habari zake ndefu. Yeye huamua nani atoke na kipande na nani atoke na salamu. Wajane wenzake wanakula sombe, majani ya muhogo, bila nyama, na hakuna anayewauliza kitu. Yeye huulizwa hata mahari za mabinti wa watu.

Likizo iliyopita nilikuwa juu ya mti niliposikia chini yangu sauti kama ya mlango wa zamani. Nikakaza macho kwenye matawi ya mbele, nikasali. Niliposhuka nikamwonyesha shemeki wangu mkubwa, kaka wa mke wangu, mahali ambapo kekele ilianza kupasuka.

"Mukaba inalia," nikamwambia.

Akaupapasa, akanipapasa na mimi tumboni. "Shemeki, mukaba hailie. Inasema ukweli."

Ni kweli kwamba ule mkaba ulisukwa na mtu mwembamba kwa ajili ya watu wembamba, na kwamba kazi ya kufundisha haimpunguzi mtu. Basi wiki moja nilipopita mjini Sake kutafuta mabati, nikaona kitu kimening'inia ndani ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo: mikanda mipana ya rangi ya machungwa, yenye vishikizo vya chuma, kiti cha matako na pete mbili za mapaja. Mwenye duka ni Mkatoliki wa kweli. Kalenda ya parokia iko juu ya kichwa chake, na rozari imetundikwa msumari mmoja na funguo za stoo.

"Papa, hii iko kitu gani?"

"Ya batu ya antena, Prof. Bale banapandaka minara ya simu. Njo banavaa hii."

"Inabeba kilo ngapi?"

Akanitazama kuanzia viatu, taratibu, kama mtu anayepima gunia kwa macho. "Prof, weye uko na kilo ngapi?"

"Mimi njo nimeuliza wa kwanza."

"Basi inabeba weye na zambi zako zote. Ukiungama mbele ya kupanda, inabeba na muntu wa pili." Akakishusha, akakivuta kwa mikono miwili ili nione nguvu yake. "Unapanda antena gani?"

"Napanda muti."

"Muti! Muntu mukubwa kama weye? Nitakuuzisha ngazi."

Sikununua siku ile. Kutoka Sake hadi Bihambwe, njia ya kurudi nyumbani, nyuma ya pikipiki, niliendelea kujadiliana na nafsi yangu. Nilifanya kile ambacho wasomi hufanya wanapoogopa kuamua, yaani nilitafuta hoja. Nikajiambia kwamba mkaba wa baba mkwe ni urithi, kwamba ndani ya ile kekele kuna mikono ya mzee, kwamba kuuacha kwa ajili ya plastiki ya kigeni ni kusaliti kitu fulani. Ilikuwa hoja nzuri sana. Pikipiki ikaruka shimo, nikakumbuka uzito wangu, na hoja ikaanguka. Halafu nikajiambia kwamba usalama ni haki ya kila mtu. Hoja hii nayo ilikuwa nzuri, ila ilinukia woga.

Nilirudi Sake siku nyingine nikakinunua. Nilipokitandaza juu ya meza nyumbani, mke wangu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua.

"Hii mukaba iko ya nani?"

"Yangu. Nimenunua mimi."

"Na kidari itaenda kwa nani?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika kupima kwangu kote, kilo zangu na urithi na haki za binadamu, sikuwa nimefikiria nyama. Mwenye chombo anabeba fungu. Nikipanda na mkaba wangu, kidari ni changu, na mama mkwe anabaki na ukuta uliotundikwa kekele.

"Nitaikatala," nikasema.

"Fungu haikatalwi. Ukiikatala, banasema umeona nyama yao iko mubaya."

"Nitaipokea, halafu nimupe mama."

"Mukwe amupe mama yangu nyama kama sadaka? Mbele ya babibi bale bote?" Akatupa haragwe bovu chini. "Ungemuua na ile mukuki, ingekuwa afazali."

Nikafikiri sana, kisha nikapata wazo ambalo hadi leo naona lilikuwa la akili. "Basi mukaba yenyewe njo nitamupa. Iwe yake. Mimi nitakuwa naazima."

Mke wangu akaacha kuchambua. Alianza kucheka kimyakimya, mabega tu, kisha ikamshinda, akakaa chini. "Weye, mukwe mutu, utapelekea mama yangu kitu ya kufunga matako?"

"Iko chombo ya kazi."

"Iko na pete mbili za mapaja, Papa! Mama yangu hata chakula hajakula mbele yako, miaka yote hii!"

Mwishowe tukakubaliana kwamba yeye ndiye atakayekibeba, kimefungwa ndani ya kikwembe kipya, nguo ya kitenge, kama zawadi kutoka kwa binti. Mimi ningekuwa sijui lolote.

Kutojua lolote kulinishinda mapema, kwenye kizuizi cha njiani. Vijana waliokuwa wanakagua mizigo walifungua kikwembe, na vile vishikizo vya chuma vikatoka nje vikilia.

"Papa, hii iko ya parashuti?"

"Ni ya kupanda miti."

"Miti ya wapi? Vaa tuone."

Nikavaa. Mbele ya pikipiki tatu, muuza ndizi mmoja na mama wa watoto wangu, mimi, mwalimu wa vijana, niliingiza mguu mmoja kwenye pete, kisha mwingine, nikakaza mikanda juu ya suruali niliyopigia pasi kwa ajili ya ukweni. Walinizunguka. Mmoja akavuta mkanda wa nyuma kuona kama umeshika.

"Sasa ruka," akasema.

"Naruka kutoka wapi?"

Wakacheka hadi wakatuachia. Mke wangu alikuwa ametazama upande wa pili muda wote huo, kama mtu asiyenijua, na baadaye akaniambia kwamba kile kitu kinanikaa vizuri.

Kufika kijijini, niliketishwa uani, mgongo kwa jiko, kama adabu inavyotaka. Mama mkwe alikuwa jikoni na binti yake. Mimi na yeye hatusemezani. Yeye husema na binti yake, binti hunifikishia maneno, ingawa ukuta ni wa miti na udongo na ninasikia kila kitu. Kikwembe kikafunguliwa. Nikasikia kishikizo kikifungwa, kikifunguliwa, kikifungwa tena.

"Uliza mukwe hii kitu iko ya nani."

"Mama anauliza hii kitu iko ya nani," mke wangu akasema kupitia mlangoni.

"Iko yake."

"Anasema iko yako, mama."

"Yangu mimi mwenyewe? Haiko ya kuazima?"

"Yake mwenyewe," nikasema, kabla sijafikishiwa.

"Na kidari iko kwa nani?"

"Kwake."

Nilikuwa nimeanza kujipongeza. Nilimwona mama amehifadhi heshima yake, nami nimehifadhi shingo yangu, na kijiji kimepata mkaba mpya, yote kwa akili ya mtu mmoja.

"Basi mwenye mukaba njo anachaguaka mwenye kupanda," ikasema sauti ya jikoni. "Bwana yangu njo alikuwa anachagua. Sasa ni mimi. Atapanda mutoto wangu wa mwisho. Mukwe ashuke."

Mke wangu alitoka mlangoni, akanitazama, akashindwa kufikisha.

"Nimesikia," nikasema. "Uliza ni juu ya nini nishuke."

"Mwambie hivi," ikajibu sauti, bila kungoja. "Mutoto wangu akianguka, tutalia sisi kwa sisi. Mukwe akianguka, batu ya Masisi batakuja hapa kutulipisha ng'ombe. Mimi niko na ng'ombe wapi?"

Nimekaa kwenye vikao vingi vya maprofesa bila kusikia hoja iliyofungwa vizuri namna ile. Nilijaribu tu kusema neno juu ya mkaba wa zamani, juu ya mikono ya mzee. Nikaambiwa kwamba mzee angefurahi, na kwamba ule wa zamani ungefaa kufungia mbuzi. Jioni hiyohiyo mbuzi alikuwa ameshafungwa.

Siku iliyofuata wanaume waliingia msituni, na shemeki wangu mdogo, yule mtoto wa mwisho, alitangulia akiwa amevaa rangi ya machungwa. Nilibaki uani. Niliwekewa kiti kizuri na pombe ya ndizi, na watu waliokuwa wakiniita mkaaji wakaanza tena kuniita Prof. Mzee mmoja jirani alikuja kuniuliza kama serikali italipa walimu. Nikamweleza kwa kirefu. Akanisikiliza kwa adabu.

Walirudi kabla ya giza, na nguruwe. Paja la nyuma lilikwenda kwa shemeki mdogo. Kidari kilipita mbele yangu hadi mlango wa jikoni, na wanawake wawili walikuwa wameshafika kusalimu. Mimi nililetewa sahani ya maini, ambayo ni fungu la mgeni, nikaenda kulila nyuma ya nyumba.

Shemeki mdogo alinifuata huko, bado amejifunga ile mikanda, hakutaka kuivua. Alichuchumaa karibu nami akanieleza mambo ya juu ya mti kama vile sijawahi kufika.

"Shemeki, mule ndani unaweza hata kulala! Miguu haifi ganzi. Sema, kule Sake bale batu ya antena, habavaake na kofia? Ile ya ngumu? Siku moja uniangalilie."

"Nitaangalia," nikasema.

Upande wa pili wa ukuta, sufuria likafunikwa.

"Mwambie mukwe aache kofia," mama mkwe akamwambia binti yake. "Kofia nayo itataka fungu."

Mke wangu akatoa kichwa dirishani. "Mama anasema uache kofia."

Nikamjibu kwamba nimesikia.