Mwezi wa Barafu Katika Friji ya Shangazi

Mimi hufundisha sayansi, na ubaya wangu ni kwamba kitu nisichoweza kukionyesha huniwasha mpaka nikipatie njia. Muhula uliopita tulifika kwenye sayari kubwa na miezi yake. Mshtarii ina miezi mingi, na mmoja kati ya ile mikubwa, Yuropa, umefunikwa na barafu pande zote. Wataalamu wanaamini kwamba chini ya barafu hiyo kuna bahari ya maji ya chumvi yasiyoganda, kwa sababu sayari yenyewe huuvuta na kuukanda mwezi ule bila kuupa nafasi ya kutulia. Wanafunzi wangu ni watoto wa kisiwani. Bahari wanaijua, na barafu wanaijua kwenye gilasi ya juisi, lakini moja kuifunika nyingine walikataa katakata. Msichana wa mbele aliniambia kwamba barafu huelea vipandevipande, na kama nina picha nyingine niilete.

Nikaenda dukani nikanunua baluni.

Naishi na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, katika ghorofa ya pili ya nyumba moja Mji wa Kale. Nilipopata kazi alinipa chumba chenye upepo, yeye akahamia kile cha joto, akasema ni kwa ajili ya magoti yake, asipande ngazi ya ziada. Hakuna ngazi ya ziada kati ya vyumba vile. Friji ni yake, ya zamani, yenye mlango mmoja na kisanduku kidogo cha kugandishia juu.

Baada ya isha nilizijaza baluni maji, nikazisukuma humo. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake akinitazama.

"Hizo nazo ni za nini?"

"Miezi, Shangazi. Itaganda juu, ndani ibaki maji."

"Na huko mbinguni, kwenye hayo maji, kuna watu?"

"Hatujui. Labda vijidudu."

"Maji yote hayo wayaendea mbali," akasema, "na bomba letu hapa lakauka kila wiki."

Nilicheka. Kisha, kwa kuwa siamini friji ya kale, nilikizungusha kile kidude cha kuongeza baridi hadi mwisho wake, nikaenda kulala.

Asubuhi miezi yangu ilikuwa tayari, mizuri kuliko nilivyotarajia. Jagi la maji ya ukwaju, lililokuwa rafu ya chini, lilikuwa limeganda lote, na mabamia yalikuwa magumu kama misumari. Nilicheka hata hayo. Nilipakia baluni zangu ndani ya kikapu nikakimbilia shule, wala sikukirudisha kile kidude mahali pake hadi niliporudi alasiri.

Darasani nilichuna baluni ya kwanza, nikashika tufe la barafu juu ya tochi, na maji yakaonekana yakicheza ndani. Halafu nikachoma msumari kwenye moto nikautoboa mwezi. Maji yaliruka juu, yakamlowesha yule msichana wa mbele usoni na buibui lake zima. Alipiga ukelele, kisha akaomba atoboe wa pili yeye mwenyewe. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile. Nilirudi nyumbani nikimsimulia Shangazi hata kabla ya kuvua viatu, naye akasikiliza hadi mwisho, akasema mashallah, akanimiminia chai.

Siku zilizofuata alianza kuchoka. Alikunywa maji kupita kiasi na kwenda chooni kila mara. Shangazi ana kisukari, hujidunga insulini kila asubuhi, na kwa kawaida huwa sawa. Katikati ya hayo kukawa na harusi Bondeni, akaenda, akarudi akiwa hoi. Kesho yake akatapika hadi akashindwa kusimama. Tulimbeba mimi na binamu zangu hadi kwenye gari, na hospitalini sukari yake ilikuwa juu kiasi kwamba daktari alituuliza kwa nini tulingoja.

"Haluwa," binamu yangu mkubwa akasema. "Harusi ile ilikuwa na haluwa sinia kwa sinia."

Basi likawa hilo. Kila aliyekuja kumtazama alimsema kwa haluwa, wengine kwa utani, wengine kwa hasira ya mapenzi. Mimi nilimsema kuliko wote. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamwambia kwamba mtu mzima hafai kuchungwa kama mtoto. Alikuwa na mpira wa maji mkononi na midomo mikavu. Aliinamisha macho akasema, "Nisameheni, wanangu."

Alipopata nafuu, muuguzi aliniita kando. "Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji ni sawa. Lakini isigande. Ikiganda, hata ikiyeyuka imeharibika, muitupe."

Nilisema asante. Pale barazani nikakumbuka jagi la ukwaju, na rafu ileile, na kikopo cha bluu Shangazi anamowekea vichupa vyake vya insulini, nyuma kabisa penye baridi kali. Binamu yangu alipita akaniuliza muuguzi alisema nini. Nilimwambia alisema tumchunge na vitamu.

Niliionea haya nafsi yangu, na bado nilisema hivyo.

Aliporudi nyumbani nilinunua dawa mpya, nikaitupa ile iliyoganda, na sikuweza kula. Siku ya tatu, watu wakiwa wameondoka, niliketi chini karibu na kiti chake nikamwambia yote: kidude, rafu, muuguzi.

"Najua," akasema. "Asubuhi ile naliikuta imeganda kama jiwe. Nikaishika mikononi hata ikayeyuka."

"Ukajidunga nayo?"

"Naliiona iko vilevile. Nikasema dawa ni dawa."

"Mbona hukuniambia, Shangazi?"

"Ulirudi na furaha ile. Ningekwambia, ungeona umeharibu. Na dawa zenyewe wanunua wewe." Alitengeneza leso yake begani. "Sikujua kuwa ikiganda yafisha."

Nikamuuliza kuhusu haluwa.

"Sikuionja. Ilipitishwa, nikampa aliyekuwa ubavuni mwangu."

Nililia. Sitadai kwamba sikulia. Nilimwambia nitawapigia binamu zangu wote, wajue, waje wamwombe radhi.

"Usiwaambie," akasema. "Wazijua ndimi zao. Watakusema wewe hata uzeeke. Mimi nishazoea, na la haluwa wameshalisema limekwisha. Liache."

Simu ilikuwa mkononi mwangu.

"Haya, Shangazi," nikasema. Nilisema upesi mno, kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa hivyo, naye aliusikia ule upesi. Alinipapasa mgongoni, akaniuliza kama nimekula.