Koko Hakumupa Mutoto Kitu Kibaya

Mukosaji ni mimi. Sio mama mukwe wangu, sio maji ya Bujumbura. Mimi!

Bwana yangu alikuwa mwalimu hapa Bukavu. Ile congé kubwa, masomo yamefungwa, ndugu yake mwenye kufanya biashara Bujumbura alituita tupumzike kwake. Mimi, kutoka inje ya Zaïre! Nilitembeza ile habari katika mutaa wetu wote wa Kadutu. Binti yetu, nitamuita Sifa, alikuwa na miaka ine. Nilimutafutia viatu vyeupe. Majirani walinionea wivu, nami nikaufurahia.

Siku moja mbele ya safari tulipanda mpaka kijiji cha Miti kumuaga mama mukwe. Sisi wote tulimuita Koko. Alimupa Sifa maziwa, akamugusa shingo, kisha akanivuta nyuma ya nyumba.

"Mama Sifa, mutoto iko moto sana. Musiende. Mumupeleke kwanza kwa docteur."

"Ni jua tu, Koko."

"Si jua. Anashika kichwa."

Nikajiambia: huyu mama hapendi tu mutoto wake, bwana yangu, atembee na mimi. Ole wangu!

Kesho yake, ndani ya gari, Sifa akaanza: kichwa, kichwa. Nikamuinamia sikioni: "Ukimuambia papa, tutarudi, na wewe nitakuacha hapa kwa barabara."

Mutoto wa miaka ine!

Kwenye mupaka, mutu wa douane alimuangalia. "Citoyenne, huyu mutoto iko mugonjwa?"

Bwana yangu akageuka. "Sifa, unaumwa?"

Sifa akaniangalia mimi. "Hapana, papa."

Alinitii, jamani. Alinitii!

Siku ya pili tulishuka kwa muchanga wa ziwa. Nilitaka photo ya kuonyesha watu. Sifa alikuwa anafunga macho, shingo yake imekauka kama mti. Nikamupiga kofi: "Cheka!" Photo ikapigwa. Hapo hapo akaanguka, macho meupe, povu kinywani.

Wiki tatu hospitali. Alipona, lakini hasikii tena kitu. Docteur aliniuliza mimi peke yangu: moto wa mwili ulianza lini? Nikamuambia: jana tu.

Tuliporudi nyumbani, bwana yangu hakulala, hakula. "Mutoto alikuwa muzima! Ni maji ya Bujumbura? Alikula nini?"

Nikasema: "Alikunywa maziwa kwa Koko."

Basi. Sikuongeza neno. Kwetu hakuna mutu asiyejua maneno kama yale yanamaanisha nini.

Alipanda Miti, akamuita mama yake muloji, muchawi aliyeroga mujukuu, mbele ya majirani. Yule mama akamujibu: "Uliza muke wako nilimuambia nini." Hakuuliza. Kisha Koko akatuma ndizi mbivu kwa mujukuu wake. Bwana yangu akazitupa kwenye choo, mimi nasimama pale, naangalia! Moyoni nilifurahi kwamba hasira yake imepata mutu mwingine.

Koko alikufa mwaka uliofuata. Mutoto wake hakwenda kumuzika. Watu wa Miti walikataa kula kwenye kilio chake, wanaogopa sahani zake.

Nilikaa na hii kitu miaka saba. Mwezi jana ikanishinda, nikamuambia bwana yangu yote. Nilingoja fimbo. Hakunigusa. Aliketi chini, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama alisema musiende?"

"Alisema."

"Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

Alimuchukua Sifa, wakaenda Miti. Hawajarudi. Nilipowafuata kuomba musamaha kaburini, dada za bwana yangu walinifukuza kwa mawe. Sifa alikuwa mulangoni mwa nyumba ya Koko, anaona. Hakulia.

Maman wenzangu, mutoto akisema anaumwa, geuza gari, hata kama mumebakisha kilima kimoja! Na kama umekosa, sema siku ile ile. Ukimusingizia mutu leo, kesho atakuwa chini ya udongo, utapiga magoti mpaka yatoboke na hakuna atakayekuambia simama.