Siku Niliyoamuru Ya Zamani Ing'olewe

Mimi nilisoma miaka mitatu tu, na kuomba ushauri sikujifunza. Nyumbani kwangu, hapa mjini Baraka, nikisema jambo linafanywa. Kwa hiyo habari hii naiandika mwenyewe, maana kosa ni langu.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa anamaliza chuo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa programu: unapiga picha ya jani la muhogo, kompyuta inakuambia kama mmea uko na ugonjwa. Picha alizipigia shambani kwangu, upande wa Fizi, jani kwa jani. Ijumaa alipaswa kuonyesha programu mbele ya juri, wale walimu wanaopima kazi. Asipoionyesha, diploma hakuna.

Jumatatu nikamkuta kwenye mkeka, mashini yake, ile kompyuta, magotini, macho mekundu.

"Nini tena?"

"Koko, paketi inanikatalia." Koko ndiyo mimi, bibi yake.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Programu yake haiwezi kusoma picha bila paketi fulani, yaani kazi ambayo watu wengine walishaiandika, wewe unaichukua tu na kuiweka ndani ya mashini. Lakini ile lugha ya kuandikia programu ilikuwa mara mbili mle ndani: ya zamani iliyokuja na mashini, na mpya aliyoiweka mwenyewe. Paketi ilikuwa inaingia kwa ya zamani. Programu ilikuwa inaitafuta kwa ile mpya, haiioni. Siku tatu alipanda kilimani penye rezo, yaani mtandao, akaweka paketi upya, ikaenda tena kulekule.

"Ziko mbili?"

"Iko mbili, koko."

"Na we unataka gani?"

"Ya mupya."

"Basi toa ya zamani."

Nilisema hivyo kwa sababu ya muhogo. Ugonjwa ulipokula mashamba yetu tuliletewa miti mipya ya kupanda, na mimi nilikuwa wa kwanza kung'oa ya zamani mpaka mizizi. Bamama walioiacha ya zamani kando ya mipya walivuna majani yaliyokunjamana. Kwangu neno hilo lilikuwa limekwisha.

"Koko, banasema ile ya zamani haiguswe. Zote mbili zinaweza kukaa pamoja, kila moja na paketi zake. Iko namna."

"Unaijua hiyo namna?"

"Ningali naitafuta."

"Ningali, ningali! Ijumaa itakungojea? We unalea ugonjwa ndani ya nyumba. Ng'oa!"

Ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, lakini nimemlea tangu mama yake afariki, na hajawahi kunikatalia. Akaandika mstari mmoja. Mashini ikauliza kama ana hakika. Akanitazama.

"Ndiyo," nikasema.

Majina yakaanza kupita kwenye kioo, mengi kuliko lile moja tulilotaka kutoa.

"Mbona inatoa na zingine?" akasema, huku anafinya hapa na pale isimame. Haikusimama. Kila kitu kikapotea, kioo kikabaki cheusi na alama moja nyeupe inayokonyeza. Kumbe mashini yenyewe ilikuwa inafanya kazi zake kwa ile ya zamani.

Nikamwambia azime, awashe. Nikamwambia aiache ipoe. Kila neno nililotoa lilikuwa la bure, nami nilijua hivyo likiwa bado mdomoni.

Kesho yake tukapanda pikipiki mpaka Fizi kwa fundi.

"Nani alikuambia utoe hii?" fundi akamuuliza mjukuu wangu.



"Ni mimi," nikasema.

"Mama, we iko injeniere?"

"Niko mulimaji."

"Eh! Basi umelima mpaka ndani ya nyumba."

Akacheka peke yake. Picha na maandishi ya programu vilikuwa vizima, akasema, lakini mashini itengenezwe yote upya, halafu lugha, halafu paketi mojamoja, na ile ya picha ni nzito. Rezo ikikubali, labda Jumapili.

Alhamisi nilikwenda peke yangu kwa mwalimu anayemsimamia. Nikamwambia kosa ni langu, wasimhukumu mtoto. Akanipa kiti.

"Nakuamini, mama. Lakini juri inaangalia programu. Haiangalie nani aliiharibu."

Alisema kwa adabu. Ningependa anifukuze.

Ijumaa akavaa blauzi nyeupe, akachukua makaratasi yake, akaenda hivyohivyo. Mimi nilisimama langoni pamoja na bamama wengine, kila mmoja na poda ya kummwagia mtoto wake akishinda. Yangu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliinunua tu, sijui kwa nini. Watoto wa wenzangu walitoka mmojammoja, wakamwagiwa mpaka nyusi, kelele, vigelegele. Wangu alitoka nywele nyeusi.

"Bamesema nirudie kwa sesheni ya pili, ile mitihani ya marudio."

Nilitaka anigombeze. Kugombana najua, ningepata la kujibu. Yeye alichukua mfuko wangu aubebe, akauliza kama miguu inaniuma kwa kusimama. Nikasema haiumi. Tukaenda.