Maua Yako Nje, Sisi Tuko Ndani

Mama mkwe wangu alianza kushona mapazia kabla mume wangu hajaota meno, na jina lake la kuzaliwa watu wameshalisahau. Wanamwita Mama Mapazia. Nusu ya madirisha ya jengo letu yamevaa kazi yake, na akitembea mtaani hatazami watu, anatazama pindo. Akiona pazia linaloning'inia vibaya, siku hiyo hata salamu yake huwa fupi.

Mimi ni mkwe wake, na niseme mapema kwamba sijui kushona hata kifungo. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno; nalipwa kuwaambia waoga kwamba haitauma. Tunaishi pamoja, yeye, mimi, mwanawe, na watoto wetu wawili: Kipanya, msichana wa miaka sita anayetafuna kila kinachotafunika, na mdogo wake Bosi, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuomba kitu, anaagiza tu.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Kila pazia alilomaliza alilipeleka dirishani, akaligeuza upande wa ndani, akalinyanyua mbele ya mwanga na kuufuata kila mshono kwa macho, kuanzia juu mpaka kwenye pindo. Mshono ukiyumba alifumua. Mteja angeweza kuwa amekaa hapo hapo na mkoba mapajani, ana haraka zake, na bado angesubiri. Hakuna pazia lililotoka mlangoni kwetu bila kusimamishwa pale dirishani.

Kisha macho yakaanza kumwibia. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, umekuja polepole, naye akauficha kama watu wanavyoficha deni. Akajifunza kushona kwa vidole, kidole kimoja kikitangulia mbele ya sindano kuonja njia, uso umegeukia pembeni. Sisi tulimwona tukacheka, tukasema mama anaringa, amezoea mpaka hahitaji kutazama. Hatukujua kwamba safari za dirishani zimekuwa maonyesho tu, kwamba ananyanyua kitambaa mbele ya mwanga na kuona ukungu.

Aliyelipia ujinga wetu ni mkunga anayekaa ghorofa ya juu yetu. Alileta kitambaa kizuri chenye ndege wa bluu wanaoruka, akashonewa mapazia mawili. Moja ndege wanaruka kama ndege. La pili wanaruka chali, miguu juu, kama waliopigwa manati. Mkunga ni mtu wa heshima. Akayatundika yote mawili na kunyamaza. Wageni wake hawakunyamaza, na habari ikashuka ngazi kabla wao hawajashuka.

Mama hakugombana na mtu. Aliifunika cherehani kwa kitambaa, juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki, akasema imetosha. Hapo ndipo tulipojua, na mume wangu akampeleka kwa daktari wa macho. Walimpasua jicho moja, baadaye la pili. Akapona vizuri. Kwa daktari alisoma ubao mpaka mstari wa mwisho, na aliporudi nyumbani akaanza kuona vumbi ambalo mimi nilikuwa nimeishi nalo kwa amani miaka mingi. Tulifurahi sana, hata mimi mwenye vumbi.

Ila cherehani hakuigusa. Nilimuuliza siku moja tukiwa jikoni tunamenya viazi, nikamkumbusha ubao wa daktari. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Siku ya wale ndege nilikuwa na hakika pia, Mama Kipanya. Hakika kabisa. Sasa hii ya leo nitaiaminije?"

Mimi ninayelipwa kusema haitauma nikachukua kiazi kingine. Nilichokiona ni mtu mwenye macho mazima, anayeshinda kutwa amekunja mikono, anazeeka mbele yetu kwa hofu ya sindano. Niliogopa kwamba tutampoteza hivyo hivyo, amekaa kitini. Mume wangu alisema tumwache, atarudi mwenyewe, na kila wiki nilimwona Mama akipangusa vumbi kwenye maua yale ya plastiki kama mtu aliyekuja kuzuru kaburi.

Watoto hawakuwa na habari na mambo hayo. Wao walikuwa wajenzi. Kila nikirudi kazini, meza ya kulia ilikuwa imefunikwa mashuka yangu mawili, na juu yake wameweka vitu vizito ili paa lisiteleze: pasi, kinu cha kitunguu saumu, kopo la sukari. Siku moja wakaweka chupa ya chai. Bosi alipotoka nyumbani kwake kwa kasi, shuka lilimfuata, na chupa ikalifuata shuka. Ilipasuka sakafuni na chai ikasambaa mpaka chini ya kabati. Hakuungua mtu, lakini hapo hapo nikatangaza kwamba ujenzi umepigwa marufuku. Kipanya akalia kwa sauti. Bosi hakulia, alinitazama tu kama anayefikiria kunifukuza kazi.

Ijumaa hiyo nikanunua kitambaa cha pamba cha njano, kizito kidogo, nikawaambia nitawashonea nyumba ya kuvalishwa meza, yenye kuta na mlango, isiyohitaji pasi wala chupa. Nilidhani ni jambo rahisi. Meza ina pande nne, kitambaa nacho kina pande nne. Jumamosi asubuhi nikakitandaza sakafuni, nikachukua mkasi wa kukatia samaki, nikaanza.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Aliuvumilia mkasi ule kwa muda ambao sikuutegemea. Mwishowe akauliza, kwa upole wa kutisha, "Unachinja nini hapo, mwanangu?"

Nilipomweleza, akateremka sakafuni. Alisema atapima na atakata, basi, kushona nitashona mwenyewe. Akatoa futi yake ya kamba na chaki, akaizunguka meza kama anayempima mteja mwenye kitambi, akaongeza nafasi kidogo kila upande ili paa likae bila kubana. Kuta akazikatia juu ya sakafu kidogo, watu wa nyumba hiyo wasijikwae. Watoto nao wakaja na maagizo. Kipanya alitaka madirisha yenye wavu na paka wa kukaa dirishani. Bosi alitaka kitasa, na maua mengi, "mengi kuliko ya shule." Mama aliandika yote kichwani na kuitikia kama anavyowaitikia wateja.

Kisha tukaondoa chombo cha maua, tukafunua cherehani, nami nikakaa. Sitaki kuzungumza sana juu ya dakika zile. Mguu wangu ulikuwa na mawazo yake na mkono una yake, na uzi wa chini ulijisokota mpaka cherehani ikakataa. Nilishona ukuta mmoja na nusu ya kona. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyovuta pumzi. Akaniambia ninyanyuke kabla sijaiua mashine.

Akakaa yeye, na mimi nikajifanya natafuta pini.

Alishona. Lakini alishona vile vile, kidole kimetangulia, uso umegeukia ukutani. Macho mapya mawili, na hakuyatumia hata moja. Alipofika kwenye maua aliyoyakata kwa vitambaa vya rangi, kila moja alinionyesha kabla hajalishona. "Hili limesimama?" Nikasema limesimama, Mama. "Na hili?" Nalo limesimama. Kila jibu liliniuma, kwa sababu maua yalikuwa hapo mbele yake, makubwa kama visahani, na aliyekuwa akiulizwa ni mimi. Tulipomaliza kazi ya siku, akarudisha kitambaa juu ya cherehani na maua ya plastiki juu ya kitambaa.

Nyumba ilikamilika Jumapili ya wiki iliyofuata. Ilikuwa ya njano, yenye paa jekundu la masalio ya mapazia, lililokaa juu ya meza kama limezaliwa nayo, madirisha mawili ya wavu, paka mweusi aliyejikunja chini ya dirisha moja, mlango wa kukunja na kufunga, kifungo kikubwa cha koti kikiwa kitasa. Maua yalianzia chini yakapanda ukutani pande zote. Mume wangu aliita jirani aje kuona. Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine kabla haijavalishwa meza. Mama hakuipeleka dirishani. Aliitoa mashineni, akaikunja bila kuitazama, akawakabidhi watoto, akarudi kwenye kiti chake na kukunja mikono. Tangu niolewe sikuwahi kuona kazi yake ikitoka hivyo, na furaha yote ikaniisha.

Watoto waliingia na mlango ukafungwa. Ikasikika minong'ono ya baraza la wazee. Kichwa cha Bosi kikatokeza mlangoni.

"Bibi," akasema, "maua yako nje. Sisi tuko ndani."

Kipanya akatokeza chini yake kufafanua. Ndani hakuna ua, alisema, kuna nyuzi tu, na paka haonekani. Nje maua anayaona nani? Nje niko mimi tu na ufagio wangu.

Nikaelewa kabla Mama hajasema, maana nimeishi na mapazia yake muda mrefu. Pazia uzuri wake huelekezwa chumbani, kwa mwenye chumba. Mpita njia anabakiziwa bitana. Hilo ndilo jambo la kwanza analomfundisha mtu. Na hapa chumba kilikuwa chini ya meza.

"Miaka yote hii," akasema, "namshonea mwenye nyumba. Leo nimewashonea wapita njia."

Akaanza kucheka, mpaka akalazimika kushika mbavu. Bosi hakucheka, aliamuru Bibi aje akague mwenyewe. Mama akalalamika magoti, akalalamika mgongo, kisha akapiga magoti na kuingia, na sehemu yake kubwa ikabaki nje kwa muda kabla haijakubali kufuata.

Meza yetu imekaa mbele ya dirisha kubwa, na saa ile jua lilikuwa limeligonga sawasawa. Nilimsikia akiuliza ni nyuzi zipi, Kipanya akimwonyesha. Baada ya hapo sikusikia kitu. Nilisubiri. Nikamwita, hakuitika. Nikadhani amekwama, au mgongo umemkamata, nikajitupa chini na kuingiza kichwa.

Alikuwa amekaa kitako kati ya watoto, shingo ameinamisha kwa ajili ya meza, anatazama kuta. Ukuta wote ulikuwa unawaka kwa mwanga wa nje, njano tupu. Pale vipande viwili vilipokutana palikuwa na mstari mweusi, na kando yake vitundu vya sindano, kimoja baada ya kingine, jua limepenya katika kila kimoja. Hakuwa amepeleka kazi dirishani, lakini sasa dirisha lilikuwa limemzunguka pande zote, hakuna pa kugeuzia uso. Kidole chake kilifuata mshono kutoka juu mpaka kwenye pindo. Haukuyumba. Akahamia kona ya pili, nayo ikashuka sawa. Akafika kwenye ukuta wa mwisho, ambako mstari ulikwenda kulia, ukajuta, ukarudi kushoto, ukapotea.

"Huu ni wako," akaniambia.

"Ni wangu, Mama."

"Naona," akasema. Akalirudia neno lile taratibu. "Naona, mwanangu."

Alilia, na mimi nikalia, nusu yangu ndani ya nyumba na nusu nje. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu zile habari za ndege kilishuka chote mara moja, nikabaki mwepesi kama niliyetoka kuugua. Kipanya alitutazama akauliza kama nyuzi ni mbaya kiasi hicho. Bosi akasema tusilie nyumbani kwake.

Tulimtoa Mama kwa kusaidiana, mume wangu akivuta na mimi nikisukuma. Hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akanyanyua chombo cha maua, akatafuta pa kukiweka, na Bosi akakipokea na kuingia nacho ndani, akitangaza kwamba angalau sasa wana maua. Mama akafunua mashine, akakata upya vitambaa vya rangi, akaivua nyumba mezani, akaanza maua ya ndani. Alishona akitazama sindano. Hakuniuliza ua hata moja kama limesimama.

Alipofika nusu, akakata uzi kwa meno na kuniambia nipande juu kwa mkunga. Nimwambie Mama Mapazia anaomba ndege wake.

Mkunga hakunipa. Aliyatundua yote mawili mwenyewe, akashuka nayo mikononi. Ngazini aliniambia kwamba wengi walijitolea kumtengenezea lile pazia, akawakatalia wote, kwa sababu aliyelishona bado yuko hai. Alipoingia alianza kueleza kwa adabu zake kwamba si kosa kubwa, kwamba wageni wenyewe wana midomo, kwamba yeye ndege amewazoea kabisa.

Mama alikuwa ameshachukua pazia moja. Aliligeuza upande wa ndani, akalipeleka dirishani, akalinyanyua mbele ya mwanga. Ndege wale hakuwa amewahi kuwaona. Alikuwa amesikia tu habari zao, na walikuwa wamemnyima usingizi muda wote ule. Sasa akawatazama safu kwa safu, ndege wa bluu na miguu yao hewani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Maskini," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Walikuwa wanakwenda wapi hawa?"

Akaomba mkasi mdogo, akaketi pale pale dirishani, akaanza kufumua.